Ukungu Usoni pa Zoleka

Zoleka alikuwa akila viazi vya kukaanga vilivyoloa siki, miguu juu ya kiti, Roshana alipomfuta uso. Alimfuta kwenye kompyuta. Roshana alikuwa akitengeneza filamu ya maisha halisi kuhusu wanawake wanaouza miili yao Barabara ya Voortrekker, Cape Town, wale waliozaliwa wakapewa majina ya kiume, na aliyeogopa kujulikana aliwekewa ukungu usoni. Zoleka aliogopa watu wa kwao, Cofimvaba. Mama yake alikuwa na televisheni.

"Kaza zaidi," alisema. "Pua bado inaonekana."

Roshana akakaza. Jioni, Zoleka aliposimama mbele ya kioo apake rangi ya mdomo, alikuta ukungu wa kijivu, ukitetemeka kidogo kila akigeuka. Akapaka kwa mazoea, akaenda kazini.

Wateja hawakusema kitu. Polisi waliomkamata Jumanne walimpiga picha, wakaitazama, wakaihifadhi. Aliyeuliza ni Bronwyn tu, mwenzake wa kona moja.

"Shosti, umebadilisha poda?"

"Roshana kanifuta."

"Una bahati bado una ndugu wa kuwaficha uso. Mimi kwetu walishanifukuza wakamaliza."

Roshana aliomba radhi. Alisema ukungu unatoka kwa kubonyeza mara moja, ila ukitoka usoni utatoka na kwenye filamu, na filamu inakwenda kituo cha televisheni Jumatatu. Zoleka aliutaka uso wake. Aliuhangaikia kwa vidonge vya homoni miaka mingi, mpaka mashavu yakalainika na yeye akajiona. Lakini Jumamosi kulikuwa na kufunua jiwe la kaburi la baba yake, shughuli ambayo hakualikwa.

"Niende kwanza," alisema. "Nikirudi uutoe."

Kwao, siku ya shughuli, wanaume hukaa zizini na nyama, wanawake kwenye vyungu. Safari iliyopita Zoleka alisimama katikati, hajui aende wapi, mpaka baba mdogo akamtoa kwa fimbo. Safari hii wanawake waliona sketi na kilemba, uso hawakuona, wakampa mwiko.

"Dada, koroga hayo makande yasishike chini."

Akakoroga. Wakamsengenya mchungaji na viatu vyake, naye akawasaidia kumsengenya. Zoleka alifurahi, tena alifurahi mno, hata akajionea haya.

Makaburini walisoma majina ya watoto wa marehemu. La kwanza lilikuwa Zolani, lile alilopewa yeye alipozaliwa. Baba mdogo akasema kijana huyo amepotelea Cape Town, tumwombee. Zoleka akaitika amina pamoja na wenzake.

Baadaye mama yake alimfuata alikokuwa akisugua sufuria.

"Hiyo ni mikono ya baba yako," alisema taratibu.

Akapenyeza kiganja ndani ya ukungu, akalitafuta shavu mpaka akalipata, akalifuta kama anavyofutwa mtoto aliyetoka kula.

"Kuna baridi humu. Unakula vizuri huko?"

"Nakula, Mama."

Mama akamfungia nyama kwenye mfuko. Akatazama zizini, akashusha sauti.

"Krismasi uje, mwanangu. Njoo hivi hivi ulivyo."

Zoleka alikuwa ameyasubiri maneno hayo tangu ana miaka kumi na minne. Alipokea mfuko kwa mikono miwili, akashukuru.

Ndani ya basi alimpigia Roshana simu.

"Nauondoa leo?" Roshana aliuliza.

"Uache. Mama kasema Krismasi nije nao."

"Zoleka, unalia?"

Zoleka akakata simu. Mwanamke aliyekaa kando yake aligeuka, akamtazama usoni kwa muda mzuri tu, kisha akaendelea kumenya chungwa lake.