Sista Klorini na Maji Yenye Uhai

Hospitalini walimwita Sista Klorini, na jina likamkaa barabara. Muuguzi huyu alipigana na vijidudu mpaka siku ya kustaafu, kisha akavihamishia vita nyumbani, kwenye ua wa nyuma, alikootesha letusi ndani ya mabomba ya maji bila udongo. Aliyasugua mabomba, akatia klorini, akasugua tena. Letusi zikafa. Mizizi iligeuka kahawia, ikateleza kama kamasi na kunuka. Akapanda upya, mambo yakawa yale yale. Mumewe, mtu wa maneno machache, akasema zikioza tena anayang'oa mabomba. Mwenzangu, mabomba hayo ndiyo yaliyokuwa yakimtoa kitandani asubuhi tangu aache kazi. Bila hayo angebaki kukodolea macho ukuta.

Wifi yake, mtu wa maabara na mwenye mdomo, akamletea chupa ya maji ya kikahawia. Akamweleza kuwa humo mna bakteria wema wanaohamia kwenye mizizi, wakaikinga na ukungu unaoiozesha, wakaisaidia hata kula. Sista akaitazama chupa kama aliyeambiwa amwandalie mwizi kitanda. Akamimina, shingo upande. Lakini mazoea yana taabu: mkono ukachota klorini, ukatia humo humo. Wifi alipojua alicheka mpaka akakaa chini, akamuuliza ni mila gani hiyo ya kualika wageni na kuwapa sumu mlangoni.

Chupa ya pili ilipokuja, klorini yote aliondoka nayo wifi. Sista aliacha hata maji ya bomba, ambayo nayo hutiwa klorini, yakae wazi yapoe ukali wake kwanza, ndipo akapanda upya na kumimina. Kisha akasubiri, roho mkononi.

Wiki chache baadaye mumewe akaja na spana, akidhani zimeoza tena. Sista hakubishana, aliinua tu mche mmoja. Mizizi ilining'inia myeupe pe, mingi, imesokotana, ikitoa harufu ya ardhi iliyonyeshewa mvua, na humo hamkuwa na hata punje ya udongo. Viumbe asiowaona kwa macho walikuwa wamefanya kazi hiyo yote kimya kimya.

"Maisha yangu yote nimewaua hawa," alisema taratibu, "na hata siku moja sikuuliza ni yupi aliyekuwa upande wetu."

Mumewe aliweka spana chini, akanyoosha mikono yote miwili kuupokea ule mche.