Misokoto ya Bibi wa Maji

Keshia wa duka la mkate alikuwa na mtindo wake wa kufungua misokoto ya sarafu. Aliigonga ukingoni mwa droo kama anayepasua yai, karatasi ikachanika, sarafu ishirini zikamwagika. Hakuhesabu. Miaka mitatu sasa hakuhesabu, kwa kuwa misokoto ilitoka kwa Bibi wa Maji, na Bibi wa Maji hakuwa mtu wa kuhesabiwa. Alikuwa na kioski cha maji nyuma ya soko, ndoo moja kwa sarafu moja. Sarafu zikijaa alizisokota ishirini ishirini ndani ya karatasi za daftari, akazifunga uzi, akazileta dukani asubuhi. Mwenye duka alimpa noti, na kwa kila misokoto kumi akamwongezea mkate mmoja, asante ya kuwaondolea taabu ya chenji.

Siku hiyo miguu ya keshia ilikuwa imekwisha kuvimba kabla jua halijapanda. Foleni ilifika mlangoni.

"Dada, hii nini?" Fundi viatu alimrudishia sarafu. "Umeifukua wapi? Hii hata marehemu babu yangu angeikataa."

Watu wakacheka. Keshia akaitazama. Ukubwa ni ule ule, lakini ilikuwa nyeusi ukingoni, ya zile zilizokomeshwa kutumika yeye akiwa bado darasa la pili. Akapekua droo, akafungua taratibu misokoto iliyobaki. Akapata nyingine, na nyingine, mpaka zikatimia saba. Zile za misokotoni zilikuwa zimekaa katikati. Za juu na za chini zilikuwa nzuri.

"Za zamani tena?" Mwenye duka alikuwa amesimama nyuma yake, unga mpaka kwenye nyusi. "Juzi tano, leo saba. Unajua sheria ya hapa. Droo ikipungua, anayekaa kwenye droo ndiye anayelipa."

"Najua."

"Na huyo bibi yako kesho akija, misokoto yake nitaifungua hapa hapa kaunta, mmoja mmoja, dunia ione."

"Ni mtu mzima, bosi."

"Mvi hazinunui unga."

Keshia akamgeukia mteja aliyefuata. Mtu aliyechoka hana hata nguvu ya kugombana. Lakini lile la 'dunia ione' halikumtoka. Bibi akiaibishwa mbele ya foleni ile, atapita wapi tena mtaa huu?

Alipotoka kazini alasiri, badala ya kwenda kuilaza miguu yake, aliikokota mpaka nyuma ya soko.

Kioski kilikuwa wazi na Bibi alikuwamo, lakini hapakuwa na ndoo hata moja. Chini ya bomba palikuwa pakavu, na buibui alikuwa amevuta uzi wake kutoka mdomo wa bomba hadi ukutani. Ng'ambo ya njia mama mmoja alikuwa akifua uani kwake, bomba lake jipya likimwaga maji bila mtu kuyaonea uchungu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona una sura ya mtu aliyetumwa?" Mapajani alikuwa na kopo la bati, kidoleni amezungusha uzi.

"Sijatumwa. Tangu lini haya maji hayauzwi?"

"Tangu wenzangu wavutiwe mabomba. Sasa mwezi wa tatu." Alitikisa kopo. "Nilikuwa nawaletea akiba yangu. Babu yako, Mungu amrehemu, alitia sarafu humu kila wiki, miaka nenda miaka rudi. Zilizo nzuri zilikuwa juu. Sasa nimefika chini."

"Si ungesema tu?"

"Niseme, halafu nije dukani kama nani? Nikija na misokoto watu hunipisha. 'Bibi wa Maji huyo, mpisheni.' Na ule mkate napewa, siombi."

Keshia akakaa kizingitini, akavua viatu. "Ukaziweka katikati."

"Nikaziweka katikati." Bibi hakukwepesha macho. "Nilisema, sarafu saba ni nini kwa tajiri yule? Na wewe ukiziona utanyamaza. Nakujua."

"Halipi yeye, bibi. Nalipa mimi."

Mikono ya Bibi ikasimama. "Wewe?"

"Mwisho wa mwezi nakatwa."

Uzi ulimponyoka Bibi, asiuokote. "Nimekula jasho la mtoto," akasema, "nikidhani nala la tajiri."

"Kesho anataka kuifungua misokoto mbele ya watu. Usije. Nitamwambia unaumwa."

"Umechoka hivyo, na bado unataka kunibebea uongo? Nenda kalale, mama."

Keshia alilala kama gogo, na akaamka kama gogo. Asubuhi, foleni ilipofika mlangoni, alimwona Bibi mwisho kabisa, mikono mitupu. Watu walianza kumpisha. Akakataa kwa kichwa, akangoja zamu yake. Mwenye duka alitoka kwenye tanuri akijifuta mikono, hotuba yake tayari mdomoni.

"Misokoto iko wapi, bibi?"

"Haipo." Sauti ilifika mpaka barabarani. "Kioski changu kimekufa. Nilikuwa nawaletea akiba yangu, na nzuri zilipopungua nikachanganya na sarafu mbovu kwa makusudi. Kosa ni langu, si la binti huyu." Akaweka noti mbele ya keshia. "Kata zako kumi na mbili hapo, mama. Kisha nipe nusu mkate."

Mtu aliyekwisha kujianika mwenyewe, utamwanika vipi tena? Mwenye duka akageuka, akarudi kwenye tanuri lake.

Keshia alishika mkate mzima. Bibi akamtazama. "Nimesema nusu."

Keshia akaukata, akamrudishia chenji yake. Bibi alitoka kando ya foleni taratibu, na safari hii hakuna aliyejua ampishe au asimpishe.

Mteja aliyefuata aliweka noti kubwa. Keshia akavuta droo. Zilikuwamo sarafu nne.

"Huna ndogo?" akauliza, na akajua swali hilo atakuwa nalo mpaka atoke kazini.