Mashine ya Kumi na Tano

Mchumba wangu ni kinyozi, na siku alipoamua kuniposa alifanya kosa ambalo kinyozi tu ndiye angeweza kulifanya. Alimwomba baba yangu ruhusa akiwa amemkalisha kitini, povu limemjaa mashavuni na wembe wa kukunja umelala kooni. Alidhani hapo ndipo mzee angemsikiliza bila kumkatiza. Baba alimsikiliza kweli. Akasema ndiyo, akameza mate, koo likapanda, wembe ukamchana. Kidonda kilikuwa kidogo kama punje ya mchele, lakini baba alirudi nyumbani amekishika kwa mikono miwili.

"Ndiyo ya mtu mwenye wembe kooni haihesabiki," aliniambia. "Kamwambie mwenzio jibu atalipata siku nitakayonyolewa kwa kitu kisichoweza kumkata mtu. Na kitu hicho nitakitengeneza mwenyewe."

Baba ni fundi kufuli. Miaka arobaini kazi yake imekuwa kuhakikisha vitu havifunguki. Nikajua nimekwisha.

Wakati huo ndio kwanza tulikuwa tunasikia habari za mashine ndogo za kunyolea, zenye mpini na wembe mwembamba unaobanwa kichwani. Baba alikuwa ameiona picha ya moja gazetini, tena picha yenyewe ilikuwa na doa la mafuta mahali hasa pa kubania wembe. Hapo penye doa ndipo tulipoishi miaka mitatu.

Mashine ya kwanza ilibana wembe kwa springi mbili za sanduku. Ilipogusa shavu, wembe ulichomoka, ukavuka chumba na kujichomeka kwenye saa ya ukutani. Mpaka leo kwetu ni saa nne na dakika kumi. Ya nne ilikuwa na skrubu saba, na ukifika ya saba wembe umeshashika kutu. Ya tisa aliifunga kwa ufunguo, akaupoteza, ikabidi yeye, fundi kufuli, aende kwa fundi kufuli mwenzake mtaa wa pili akiwa amejitanda shuka usoni. Ya kumi na mbili aliizungushia meno marefu kama ya kitana. Hiyo ilikuwa salama kupita kiasi. Ndevu hazikuufikia wembe, wala wembe haukupata habari za ndevu.

"Imemkata mtu?" aliniuliza.

"Hapana, baba."

"Basi tunasonga mbele."

Ndevu nazo zilisonga mbele. Nilimshonea mfuko wa kitambaa wa kuzitia wakati wa kazi, kwa sababu siku moja zilibanwa kwenye jiliwa, kile chuma cha mezani kinachoshika kitu ukikipiga tupa, na mkono wa kulifungulia ulikuwa upande asioufikia. Mimi nilikuwa sokoni. Alikaa ameinama hivyo tangu asubuhi mpaka alasiri, akahudumia wateja watatu, na mmoja wao, kwa kudhani ndiyo adabu ya pale, naye aliinama mpaka alipopewa kufuli yake.

Kila Jumapili jioni Kinyozi alikuja kunitembelea. Alikaa mbele ya ndevu zile na mikono ikimwasha. Kwa mtu wa kazi yake ilikuwa adhabu, nami nilimwonea huruma.

"Mzee wangu, nipe dakika kumi tu," alisema.

"Nilishakupa dakika kumi," baba alijibu.

Mimi nilikuwa nimefikisha miaka ishirini na tisa. Mashuka ya kuanzia maisha yalikuwa yamekaa sandukuni mpaka yameingia madoa ya njano, nikayafua, yakaingia tena. Nilimpenda baba, na kuna siku nilitamani kumtia yeye kwenye jiliwa kwa mkono wangu.

Tulikuwa tumefika mashine ya kumi na tisa. Tatizo, alisema, ni kwamba wembe ni mwembamba mno, ukiubana kidogo unatetemeka, ukiubana sana unavunjika. Siku hiyo nilikuwa nimeshika karatasi ya mteja, nayo ikalala mkononi, imelegea. Nikaipinda kidogo kwa vidole, ikasimama wima yenyewe.

"Baba," nikasema, "usiubane. Upinde. Weka kifuniko chenye mgongo juu, kitako chini, na mpini wenyewe uwe ndiyo skrubu ya kuvivuta pamoja. Wembe ukipinda hautatetemeka."

Baba aliichukua ile karatasi, akainyoosha.

"Tutaangalia mwakani," alisema, akaenda kujilaza.

Mwakani. Nikasema nitaitengeneza mwenyewe, nikavuta droo ya chini kutafuta bamba lililopinda. Nililipata. Lilikuwa limeshafungwa kwenye mpini, lina kitako chake, pini mbili za kushika matundu ya wembe, na skrubu moja tu. Kwenye mpini baba alikuwa amegonga namba, kama anavyogonga kazi zake zote: kumi na tano, ile aliyoniambia ameitupa. Katikati ya kifuniko na kitako kulikuwa na vinywele vyeupe, na povu halijakauka.

Nikaenda chumbani kwake, nikamwinua ndevu. Chini ya taya, pale penye alama ya kidonda, palikuwa na duara la ngozi laini, safi, kubwa kama kifungo cha koti.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Mwaka juzi." Hakufumbua macho. "Kila asubuhi najaribu. Haijanikata hata mara moja."

"Na hizi nne za baadaye?"

"Hizo nimezikosea kwa makusudi. Kukosea vizuri ni kazi ngumu, usinidharau."

Nilicheka, kisha nikalia, na hasira haikuniondoka.

"Ukiondoka hapa nitabaki na kufuli tu," alisema. "Naogopa, mwanangu."

"Baba, kibanda cha Kinyozi kinaonekana kutoka dirishani kwako."

"Najua. Nimepima. Hatua mia mbili na kumi."

Jumapili iliyofuata alimkabidhi Kinyozi mkasi kwanza, halafu mashine ya kumi na tano. Kazi ilichukua saa nzima. Kinyozi aliipitisha mashine juu ya lile koo, na damu haikutoka. Uso uliotokea chini ya ndevu ulikuwa mdogo kuliko nilivyoukumbuka.

"Sasa uliza tena," baba alisema.

Kinyozi alikuwa amejifunza. Aliiweka mashine mezani, akarudi nyuma hatua tatu, akaficha mikono mgongoni, ndipo akauliza.

"Ndiyo," baba alisema, safari hii bila kumeza mate.

Kisha akaichukua mashine ili atuonyeshe wembe unavyotolewa. Aliushika mpini, vidole vikakaa hapo hapo bila kuuzungusha. Mwishowe alinipa mimi.

"Fungua wewe," alisema. "Mimi nimezoea kufunga."

Nikazungusha mpini kidogo. Kifuniko kililegea, na wembe ukanyooka kiganjani mwangu.