Twiga na Njia ya Hewa

Daktari mpya alikuwa mrefu hata wauguzi wakamwita Twiga, naye akaitika, angekana vipi? Urefu huohuo ndio uliomponza siku ya kufundishwa kutia mpira wa kupumulia kooni. Sanamu la mazoezi, ambalo wanafunzi walilibatiza Shemeji, lililazwa kwenye kitanda cha chini. Twiga akajikunja kama ndoana, akaingiza kile chuma chenye taa mdomoni, akakandamiza kama mtu afunguaye kopo la rangi. Tak! Jino la mbele likarukia chini ya kabati.

"La tatu hilo," alisema mwalimu wao, mtaalamu wa dawa za usingizi, mama mfupi mwenye sauti ya kengele. "Meno si egemeo, mwanangu. Chuma mkono wa kushoto, sukuma ulimi pembeni, halafu inua kwenda mbele. Haya, pitisha mpira."

Twiga akapitisha, akaminya mfuko wa hewa. Kifua cha Shemeji kimya. Tumbo ndilo lililofura kama la mjamzito. Darasa zima likaangua kicheko.

"Mpira umeingia njia ya chakula, umemshibisha hewa! Toa, mpe pumzi kwa barakoa kwanza. Na kitanda kipandishe, utavunjika kiuno bure."

Jumapili mchana Twiga alikuwa kwao. Mjomba alikuwa amejinyoosha kwenye kochi, mto chini ya kichwa, kidevu juu, mdomo wazi, akikoroma kama mashine ya kusaga. Twiga hakuamini macho yake. Ndivyo mgonjwa anavyotakiwa kulazwa, kama mtu anayenusa ua! Akapiga magoti, akawasha tochi ya simu, akachungulia.

"We baba, unatafuta nini mdomoni mwa kaka yangu?" mama yake aliuliza kutoka mlangoni.

"Njia ya hewa, mama."

Mjomba akazinduka, akakuta mwanga na pua kubwa, akapiga chafya ya kutikisa dirisha. Meno yake ya juu yakatoka yote kwa pamoja, yakanasa kwenye ukosi wa shati la Twiga.

"Kumbe!" mama alishika kiuno. "Miaka yote hii unatuchekea kwa meno ya bandia?"

Mjomba alinuna juma zima.

Jumatano, katika chumba cha upasuaji, akaletwa mzee mwenye ngiri. Mwalimu akasimama ubavuni mwa Twiga.

"Baba, una meno ya bandia?" Twiga alimuuliza mzee.

"Mimi? Haya nimeota nayo," mzee alijibu, akimtupia jicho muuguzi.

Twiga akamwinamia sikioni. "Mzee wangu, mimi ni kaburi. Nipe tu."

Mzee akatazama huku na huku, akayatema kiganjani mwa Twiga.

Dawa ya usingizi ilipomchukua, Twiga akapandisha kitanda, akaweka mto, akainua chuma bila kugusa fizi. Nyuzi za sauti zikajitokeza, nyeupe pe!

"Naziona!"

"Usizisalimie, pitisha!"

Akapitisha. Kifua kikapanda kushoto na kulia, tumbo likatulia, na kwenye kioo cha mashine mawimbi ya pumzi yakaanza kujipanga.

"Haya, vuta kiti umlinde," alisema mwalimu. "Ukiondoa macho hapo, mimi na wewe."

Twiga akaketi, akitabasamu ndani ya barakoa mpaka mashavu yakamuuma.