Mkanda wa Bunduki ya Mukash

Torobek hakuwa amekanyaga karakana ile kwa miaka mitatu, na Anarkul alikuwa amejiombea asiikanyage tena mpaka mmoja wao azikwe. Kwa hiyo alipomwona Alhamisi ile asubuhi akimfunga farasi wake kwenye nguzo ya nje, aliendelea kushona hatamu iliyokuwa mapajani mwake wala hakuinua kichwa.

"Salamu, shemeji," Torobek alisema kutoka mlangoni.

"Shemeji yako nani?"

"Haya basi, fundi."

"Sema shida yako. Unaniziba mwanga."

Torobek aliingia. Alikuwa mwindaji mwenye jina kubwa kuliko wote pale mjini At-Bashy, yeye ndiye aliyewapandisha wageni wenye vibali kwenda kuwinda mbuzi mwitu kwenye miamba ya juu, na alitembea kama mtu anayejua kwamba watu humpisha. Siku hiyo lakini bega lake la kulia lilikuwa limeinama kidogo. Mkononi alishika kitu kirefu kilichoviringishwa kwenye kipande cha sufu. Alikilaza juu ya meza ya kukatia ngozi bila kuomba.

"Nataka mkanda wa bunduki."

"Sishoni mikanda ya bunduki. Na wewe ndiye uliyehakikisha nisishone."

Mwezi wa kumi na moja, miaka mitatu nyuma, Torobek alikuwa ameshuka mlimani na maiti ya Mukash, mume wa Anarkul, imefungwa juu ya farasi. Mbele ya hema la msiba, wanawake wakilia na wanaume wamevua kofia, alisema jinsi ilivyotokea: mkanda ulikatika begani, Mukash akainama upesi kuidaka bunduki, mguu ukateleza kwenye barafu, akatumbukia korongoni. Na mkanda wenyewe? Ulipotelea hukohuko korongoni. Kila aliyekuwa pale alijua mkanda ule ulishonwa na nani. Tangu siku hiyo hakuna mwindaji aliyeleta kazi kwa Anarkul. Alibaki na matandiko, hatamu na mijeledi. Mama mkwe wake, Sairakan, alihamia kwa mwanawe mwingine, Sharshen, ng'ambo ya mto, na Anarkul akimsalimu sokoni yule mama alikuwa akitazama pembeni kama aliyesikia mbwa akibweka.

"Nenda sokoni," Anarkul alisema. "Imejaa mikanda pale, ya kila rangi."

"Nimenunua miwili. Ile ya nailoni inateleza kwenye koti, na baridi ikikaza inakuwa ngumu kama ubao, inagongagonga. Mnyama anakusikia kutoka bonde la pili. Mtulinga wangu, mfupa huu wa begani, ulivunjika majira ya kuchipua, farasi alinibwaga. Kila nikiinua bega kuirudisha bunduki naona nyota. Jumamosi napanda na wageni."

"Pole kwa farasi."

"Una ulimi mbaya, mwanamke."

"Nilikuwa na mzuri. Uliutumia ukaumaliza."

Torobek alishusha pumzi, akafungua sufu. Anarkul alitupa jicho mara moja tu, na sindano ikasimama. Kitako cha bunduki ile kilikuwa na alama nyeusi ya mviringo ubavuni, mahali kaa la moto lilipoangukia wakati Mukash akiisafisha karibu na jiko. Yeye mwenyewe Anarkul ndiye aliyelipangusa lile kaa kwa upande wa kiganja.

"Umeitoa wapi hii?"

"Sharshen aliniuzia. Baada ya arobaini. Ina karatasi zote."

"Mimi aliniambia ameirudisha serikalini."

"Hayo muulize yeye, ndugu yenu. Yangu nzito, bega haliiwezi tena. Hii nyepesi."

Anarkul alitaka kumfukuza. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Lakini bunduki ile ilikuwa pale mezani, karibu na mkono wake, baada ya miaka mitatu, na hakutaka iondoke kabla hajaishika.

"Chagua ngozi," alisema, akaonyesha ukutani kwa msharasi wake wa kutobolea ngozi.

Torobek alikwenda moja kwa moja kwenye kipande chembamba, kilichong'arishwa, chenye misumari ya fedha iliyopangwa kama maua.

"Hicho ni cha farasi wa bibi harusi," Anarkul alisema. "Lakini kama unataka kupendeza, mbuzi watafurahi."

"Basi sema wewe."

"Chembamba kitakukata bega lote kwa saa moja. Bega zima lingekivumilia, la kwako halitakivumilia. Unataka upana wa vidole vitatu hapa juu, panapolala kwenye koti, na viwili kuelekea kwenye pete. Ngozi ya mgongo wa fahali, siyo ya tumbo, ya tumbo inavutika. Upande laini nje, ule wa manyoyamanyoya ndani, ndio unaoshika koti. Vaa koti lako la baridi."

"Liko kwenye farasi."

"Lilete. Au unawinda na shati?"

Alirudi amevaa koti. Anarkul alimpima kuanzia kifuani mpaka nyuma ya kiuno, kwa sababu anayepanda farasi hubeba bunduki ikikatiza mgongoni, na mkanda ukiwa mfupi mtutu humgonga kisogo. Alimpima bila kumgusa, kamba akiishika kwa ncha za vidole. Torobek alisimama ameangalia dari.

"Na bizimu?"

"Moja. Ndani ya ngozi, isigonge mbao. Geuka."

Kisha akaichukua bunduki ili atazame pete ambazo mkanda hupitishwa. Ya mbele, chini ya mtutu, ilikuwa ileile ya zamani, imechakaa, inazunguka vizuri. Ya nyuma, chini ya kitako, ilikuwa mpya. Haikukaa mahali alipoikumbuka. Ilikuwa imesogezwa upana wa kidole kimoja, na pale ilipokuwa zamani mbao ilikuwa na mng'aro wa vanishi mpya kuliko kwingine. Alipitisha ukucha. Ukucha ukakwama kwenye ukingo. Chini ya vanishi kulikuwa na kijiti kilichopachikwa na kugundishwa, na kuzunguka kijiti, mbao ilikuwa imepasuka kwa nje kama kitu kimeng'olewa kwa nguvu.

Torobek aligeuka.

"Pete hii nani aliihamisha?"

"Ilikuwa hivyo."

"Haikuwa hivyo. Nimeilaza bunduki hii kitandani mwangu miaka kumi na moja."

"Basi Sharshen."

"Sharshen hajui kushika hata nyundo." Aliiweka bunduki mezani polepole. "Mkanda ukikatika, Torobek, pete inabaki kwenye mbao. Haina sababu ya kutoka. Hii imeng'oka. Na mwaka ule, majira ya kuchipua, Mukash alikuja hapa akaniambia Torobek ametufungia sote watatu pete mpya za nyuma, bure, mtu mwema. Ulitumia skrubu gani?"

"Unasema maneno ya kijinga."

"Mkanda wangu ulikuwa mzima. Ulining'inia kwenye pete ya mbele, na ncha yake ya pili ilikuwa bado na pete ya nyuma, iliyong'oka pamoja na skrubu yake. Ukauona. Ukauvua ukautupa korongoni kabla hujamshusha mume wangu. Halafu ukainunua bunduki, asije mtu mwingine akaigeuza juu chini."

"Nani atakuamini? Kitundu kwenye mbao."

Anarkul aliibeba bunduki akatoka nayo. Torobek alimfuata kwa hatua kubwa akamshika mkono wa koti mlangoni. Anarkul aliutazama ule mkono mpaka ukaachia. Karakana iliyofuata ilikuwa ya Mzee Jekshen, mhunzi, mtu wa maneno machache ambaye hajawahi kumsifu yeyote wala kumchongea yeyote, na kwa hiyo neno lake likisemwa lilikaa.

"Baba, nitolee hiki kijiti," Anarkul alisema, "uniambie palikuwa na nini."

Mzee aliweka koleo chini, akafuta mikono, akakichokonoa kile kijiti kwa ncha ya patasi. Alichungulia shimo kwenye mwanga, akaingiza kwanza msumari, kisha skrubu moja fupi kutoka kwenye kopo lake.

"Skrubu ya bawaba ya mlango," alisema. "Fupi. Haikushika hata nusu ya mbao. Nani mpumbavu aliyefanya hivi?"

Mzee alimtazama Anarkul, kisha Torobek, kisha ile alama nyeusi ya kaa kwenye kitako, na akaelewa. Uso wake haukubadilika sana.

"Ulifunga tatu mwaka ule," alimwambia Torobek. "Hii, ya Ulanbek na ya Kerim. Hizo mbili umezibadilisha?"

Torobek alitazama makaa.

"Nakuuliza, wewe."

"Ningewaambia nini? Kwamba nabadilisha kwa nini?"

Mpaka hapo Anarkul alikuwa na hasira ya kawaida, ya kwake, aliyoizoea kama maumivu ya jino. Neno hilo liliileta nyingine. Ulanbek alikuwa na watoto wanne. Kerim alioa majira ya joto yaliyopita. Misimu mitatu walikuwa wamepanda miamba ileile na skrubu za mlango begani, na mtu huyu anatembea mbele yao akijua.

"Niliogopa," Torobek alisema, kwa sauti ya mtu anayegombana. "Mama yake alikuwa ananitazama. Nilikuwa nimemleta mwanawe kama gunia. Neno likatoka lenyewe, na likishatoka..."

"Likanipata mimi," Anarkul alisema.

"Wewe hukuwa unapanda mlimani. Mimi kazi yangu ni watu kuniamini."

"Sikiliza. Unakwenda sasa hivi kwa mama Sairakan, unamwambia. Mimi na mzee tunakuja kusikia. Halafu kwa Ulanbek na Kerim. Usipokwenda, mzee atakwenda yeye, na hili shimo atalibeba mkononi."

Mzee Jekshen alikuwa tayari anavaa kofia.

Torobek alilisema, lakini alilisema vibaya. Alisimama katikati ya ua wa Sharshen, hatamu mkononi, kama aliyepita kuuliza njia. "Mkanda haukukatika. Ni pete. Niliifunga mimi." Sharshen alikuwa mlangoni, alipoiona bunduki mikononi mwa Anarkul alirudi ndani na hakutokea tena. Sairakan alikuwa anakanda unga. Aliendelea kukanda kidogo, mikono ikienda yenyewe, kisha akasimama. Alimwendea Torobek akamtemea mate kwenye buti.

"Ulikula chakula cha matanga yake," alisema. "Ulikaa kulia kwangu."

Torobek alipanda farasi akaondoka bila kuaga. Anarkul alibaki amesimama. Labda alitegemea kitu, mkono, neno, hata machozi ya pamoja. Mama mkwe alimgeukia, unga umemfika viwikoni.

"Na wewe je? Ulipitisha mkanda wako kwenye pete ile. Huna macho? Hukuivuta hata mara moja kuona kama inashika?"

Anarkul alikuwa ameshajiuliza hilohilo njiani. Alikuwa ameiamini pete kama wote.

"Sikuivuta, mama."

"Basi nenda."

Alikwenda. Lakini yule mama alikuwa amemwangalia usoni alipokuwa akimtukana, na hilo halikuwa limetokea kwa miaka mitatu.

Bunduki alitaka kubaki nayo, lakini karatasi zilikuwa na jina la Torobek, na Mzee Jekshen alimwambia wazi kwamba polisi wataikuta kwake na watamfunga yeye. Basi aliushona mkanda siku ile yote iliyobaki na Ijumaa asubuhi, akaupaka mafuta ya mkia wa kondoo, na mzee akafunga pete mpya kwa bolti iliyopenya kwenye mbao. Anarkul aliishika pete akajining'iniza nayo kwa uzito wake wote. Haikusogea.

Torobek alikuja adhuhuri. Aliweka pesa mezani bila kuuliza bei, akautundika mkanda begani, akageuka huku na huku. Mkanda haukuteleza. Uso wake ulitaka kuonyesha jambo, akauzuia.

"Umekaa vizuri," alisema.

"Najua."

"Wageni wamesikia. Wamemchukua Kerim awaongoze."

"Nimesikia pia."

Alingoja kidogo, kama aliyedhani kuna neno lingine. Anarkul alivuta hatamu yake mapajani akatafuta mahali alipoachia mshono. Aliposikia kwato zinaondoka alikuwa bado anatafuta.

Nje, Ulanbek alikuwa amefika na bunduki yake, na nyuma yake Kerim, hawajui waanze vipi. Ulanbek alivua kofia. "Dada," alisema, "yale tuliyoyasema miaka ile..."

"Vaa koti lako la baridi," Anarkul alimkatiza, akachukua kamba ya kupimia. "Na usimame wima. Sina siku nzima."