Kitanzi Kisichofanya Kitu

Programu niliyoitengeneza husoma msimbo wa lugha ya kompyuta ya C kwa kanuni za sarufi, na kwa kweli ilinivimbisha kichwa. Kabla ya kusoma, huusafisha kwanza: huingiza mafaili yote yaliyotajwa, kisha hufuta maelezo ambayo waandishi huwaachia wasomaji kati ya mistari, maana mashine haina haja nayo.

Jumatatu niliipa msimbo wa lifti ya jengo letu, kazi ya shangazi yangu kabla hajastaafu. Ikanionyesha kitanzi, yaani amri inayojirudiarudia, kinachohesabu hadi elfu tisini bila kufanya lolote. Mimi sina subira na takataka za zamani. Nikakifuta bila kupepesa macho, nikaurudisha msimbo kwenye lifti.

Saa nne lifti ilipanda mlango ukiwa wazi. Bahati nzuri ilikuwa tupu. Nikampigia shangazi.

“Kile kitanzi kinasubiri mlango ufungike,” alisema. “Si niliandika hapo hapo juu yake?”

“Maelezo yalifutwa, shangazi. Programu haiyahitaji.”

“Mistari mia nane niliiandikia lifti,” alisema. “Ule mmoja wa maelezo nilikuandikia wewe.”