Ufa Juu ya Mlango

Mdogo wangu amechora majengo ya zamani ya mji huu kwa miaka arobaini, kwa kalamu ya kuchovya na wino mweusi, na katika miaka yote hiyo kalamu yake imesema uongo mara moja tu. Aliyeituma ni mimi.

Watu humwita Wino, maana vidole vitatu vya mkono wake wa kulia vimesahau rangi viliyozaliwa nayo. Hakuoa. Mchumba wake wa ujanani alimkimbia, akasema anamtazama kama anamhesabu madirisha. Hakumsingizia. Wino akikaa mbele ya jengo hafungui kichupa cha wino mpaka ahesabu kila kitu: nguzo, vioo, mbao zilizooza, hata misumari. Penseli haishiki. Anasema mwenye penseli ameshajipa ruhusa ya kukosea.

Ndiyo maana watu wa manispaa walimwamini kuliko walivyojiamini wenyewe. Panya walipokula ramani zao, walikuja nyumbani kwetu kunakili michoro yake. Posta ya zamani ilipoungua, ilijengwa upya kwa mchoro wa Wino, dirisha kwa dirisha, na mchoro wenyewe ukatundikwa kwenye korido ya ofisi yao.

Basi ikaja barua. Manispaa ingetengeneza nyumba chache za zamani. Kila familia ipeleke picha ya nyumba yake, waamue. Yetu ilikuwa ya ghorofa moja, mawe na chokaa, aliijenga babu yetu. Mimi na Wino tulizaliwa chumba kimoja, tukapishana miaka tisa. Kuta zilikuwa nzima, lakini paa lilivuja mpaka tukawa tunalala katikati ya masufuria. Tulijua bila msaada huo paa halifiki mwaka wa pili, na sisi hatukuwa na pengine pa kwenda. Hapo ndipo akili yangu ya darasa la nne ilipoamka.

"Chora na ufa," nikamwambia. "Juu ya mlango, uende mpaka kwenye paa."

"Hapo hakuna ufa, dada."

"Ungekuwepo ningekuomba?"

"Nimechora paa lilivyooza. Linatosha."

"Mji mzima una mapaa yaliyooza. Anayeomba na shati safi hapewi kitu, mdogo wangu."

Akakataa. Nikamkumbusha ni mgongo wa nani uliombeba yeye, mama yetu alipofariki. Akakataa. Nikashika kifua, nikakaa chini taratibu, macho nimeyafumba nusu.

"Moyo uko upande wa pili, dada," akasema.

Lakini akachovya kalamu. Labda alichoka na mimi, labda alinihurumia, sikuuliza. Alianzia kwenye boriti ya mlango akapanda nao, akautia vijitawi vyembamba kama mizizi, akauwekea na kivuli. Ufa mzuri kama ule sijapata kuuona. Ungeapa una miaka thelathini. Kisha akaosha kalamu, akaenda kulala na jua bado liko juu.

Siku ya ukaguzi ilipokaribia sikutaka wageni watukute wachafu. Nikapaka ukuta wote wa mbele chokaa, mimi mwenyewe, juu ya ngazi, na umri wangu huu. Mtu kuwa mjanja na mjinga kwa mpigo mmoja si kazi ndogo, lakini niliiweza.

Injinia alikuwa binti wa rika la wajukuu, mwenye kofia ngumu na adabu nyingi. Alitupa shikamoo, mmoja mmoja. Akatazama mchoro, akatazama ukuta, akaugusa. Kidole kikatoka cheupe.

"Bibi, chokaa hii imepakwa lini?"

"Jana, mwanangu. Kwa ajili yako."

"Na ufa uko wapi?"

"Hakuna ufa."

Akanitazama kama mama anayemtazama mtoto mwenye sukari mdomoni. Wino akasogea.

"Ule ufa nimeuchora mimi," akasema. "Haupo. Nimedanganya."

"Babu, posta nzima tumeijenga kwa mkono wako, na hujakosea hata dirisha moja. Najua mnaogopa kuhamishwa. Lakini usijisingizie."

Akatoa bisibisi, akakwangua chokaa yangu mbichi. Sasa nyumba ya miaka tisini uikwangue uso, ukose mkunjo? Hata mimi ukinikwangua utakimbia. Alipata kaufa kembamba kama unywele, shubiri mbili kutoka ule wa karatasi.

"Huu hapa," akasema kwa huzuni ya kweli. "Na ndani ndivyo ulivyo kama babu alivyouchora. Hii siyo ya kutengeneza. Itawaangukia." Akapiga alama nyekundu ya msalaba mlangoni.

Wahenga wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema kitu juu ya bibi anayeutengeneza.

Wino alikwenda ofisini mara tatu kukiri uongo wake. Mara ya kwanza walimpa kiti. Mara ya pili walimpa kiti na maji. Mara ya tatu nilimsindikiza, na karani akamwonyesha mchoro wa posta pale ukutani.

"Babu, kama wewe ni mwongo, basi na huu tuushushe?"

Wino aliutazama. Kuuchora kulimchukua miezi minne, kwenye jua, na homa mbili katikati.

"Ushusheni," akasema.

Karani akacheka, akamwita mwenzake aje amsikie mzee anavyoipenda nyumba yake. Mchoro haukushushwa. Sikuwahi kumwona mdogo wangu akinyooshewa mikono ya heshima na watu wengi namna ile, na sikuwahi kumwona akitembea vibaya kama alivyotembea kurudi.

Tingatinga lilikuja Jumanne. Vyumba vya nyuma vilikwenda kama biskuti, na chumba tulichozaliwa kikaenda navyo. Ukuta wa mbele ukakataa. Dereva aliugonga, akarudi nyuma, akaugonga tena. Ulitoa vumbi la chokaa yangu na kusimama vilevile, mlango katikati, hakuna hata jiwe lililosogea juu ya boriti. Ilipofika mchana jino moja la mashine likavunjika. Dereva akashuka, akapangusa jasho, akauzungukia ukuta akiupigapiga kwa kiganja.

"Nani aliyesema huu ni mbovu?" akauliza, bila kumlenga mtu.

Majirani walikuwepo wote. Mimi, ambaye sijapata kukosa neno tangu nizaliwe, nilikuwa nachezea kishikizo cha gauni. Wino alikuwa ng'ambo ya barabara, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akainua mkono, juu kabisa, kama mwanafunzi aliyeulizwa darasani.

Dereva hakumwona. Alishapanda kwenye mashine, anatafuta pembe nyingine ya kuugonga.